Wilaya ya shule inanipa hela badala ya basi la watoto. Nisaini au nikatae?

MamaNeema:
Wakubwa shikamooni, wengine habari za wikendi. Nipo Columbus, Ohio, mwaka wa sita sasa. Nina watoto wawili, mmoja darasa la nne, mwingine la saba, wote wanasoma shule ya chata, yaani shule ya umma isiyoendeshwa na wilaya, upande wa pili wa mji. Mwaka jana basi la njano la wilaya lilikuwa linawachukua kwenye kona ya kituo cha mafuta saa 12 na dakika 40 asubuhi. Hata kwenye theluji lilikuja.

Wiki iliyopita imekuja barua. Neema ndiye aliyenisomea mezani, anakwama kwenye maneno magumu, anarudia. Inasema kuwasafirisha wanangu "hakuwezekani", kwa hiyo wilaya itanilipa badala ya usafiri. Chini kuna visanduku viwili: nakubali, nakataa. Nilishashika kalamu niweke alama kwenye nakubali, maana kodi ya nyumba imenikaba. Halafu nikajiuliza, nani atawapeleka? Mimi natoka zamu ya usiku ghalani saa 1 asubuhi, baba yao anaingia kazini saa 12. Gari ni moja. Basi la mji wabadilishe katikati ya mji, na mdogo ana miaka 9. Nimepewa siku chache tu nirudishe fomu. Naombeni ushauri, sijalala vizuri.

MtuWaTanganyika:
Dada yangu, chukua hela. Sisi huku kwetu wazazi wanne tumejipanga, kila mmoja ana siku yake ya kupeleka watoto wote, hela zinaingia kwenye mafuta. Ukisubiri basi utasubiri sana, madereva hawapo.

DerevaNjano:
Mama Neema, usisaini kwanza. Naendesha basi la shule hapa hapa Ohio, mwaka wa nane.

Sheria ya jimbo inaitaka wilaya iwasafirishe watoto wa chekechea hadi darasa la nane wanaokaa zaidi ya maili 2 kutoka shuleni, na wa shule za chata wamo. Kwa chata kuna sharti jingine: safari ya moja kwa moja kutoka shule ambayo mtoto angepangiwa na wilaya hadi shule yake isizidi dakika 30. Kwa hiyo kwanza pima, uandike dakika ulizopata na saa uliyopima.

Wilaya ikitangaza kwamba haiwezekani, inakupa hayo malipo. Lakini ni ofa, unaweza kuikataa. Ukikataa, unaomba usuluhishi kupitia Idara ya Elimu na Nguvu Kazi ya jimbo. Na jambo ambalo wazazi wengi hawaambiwi: ukishaomba usuluhishi, wilaya inatakiwa iwabebe watoto mpaka shauri liishe. Ukiweka alama kwenye nakubali, umeifunga njia hiyo kwa mkono wako.

Kuhusu kiasi, sheria inasema kisipungue nusu ya wastani wa gharama ya kumsafirisha mwanafunzi mmoja jimboni, kwa mwaka mzima. Gawa kwa siku za shule uone kama inatosha mafuta, sembuse mtu wa kuendesha. Jirani yangu alizipata shule zilipokwisha kufungwa, na yeye alikuwa ameshakopa.

Sisemi wilaya zina roho mbaya. Madereva tuko wachache kweli, leseni yake inachukua muda mrefu kuipata na mshahara ni wa saa chache asubuhi na saa chache jioni. Fedha za korona kutoka serikali kuu zilisaidia, ila mwisho wa kuzipangia matumizi ulikuwa 30 Septemba 2024. Sheria inaruhusu pia magari madogo kwa njia zenye watoto wachache. Hilo waulize kwenye usuluhishi: kama basi kubwa haliwezekani, kwa nini si gari dogo?

BabaWawili_Philly:
Mimi nipo Philadelphia na hela nazichukua kwa moyo mweupe. Huku wilaya inawalipa wazazi wenye sifa dola 300 kwa mwezi wawapeleke watoto wenyewe. Kwangu inafaa kwa sababu mke wangu anafanya kazi karibu na shule na hela inakuja kila mwezi. Nyumba yenye gari na mtu wa asubuhi, hela ni msaada mkubwa. Nyumba yako, Mama Neema, haina mtu wa asubuhi. Hizo hela utampa nani?

Bint_Uvira:
Nafanya ukalimani mashuleni. Nimeumia niliposoma kwamba mtoto ndiye aliyekusomea barua. Shule na wilaya zinapaswa kukupa taarifa kwa lugha unayoielewa, chini ya Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964. Piga simu useme "Swahili interpreter", mkalimani ni bure. Usimbebeshe Neema kazi hiyo.

Halafu nina maswali mawili, kama ni ya siri nijibu faragha. Kuna mtoto mwenye mpango wa elimu maalumu, IEP, ulioandikwa usafiri ndani? Au mnakaa kwa ndugu kwa sababu mlipoteza nyumba? Kukiwa na moja kati ya hayo, kuna sheria za serikali kuu zinazowalinda, na mlango wa kuingilia ni mwingine kabisa.

MtuWaTanganyika:
Nimesoma, narudisha kauli. Hilo la kukataa na kuomba usuluhishi sikulijua, mimi nilisaini siku ileile.

MamaNeema:
Asanteni sana ndugu zangu. Bint Uvira, hapana, nyumba ni yetu ya kupanga na IEP hakuna. Jana nimepiga simu na mkalimani, mama wa Bukavu, akanisomea barua yote taratibu mara mbili. Nimepima safari asubuhi, dakika 22. Nimeweka alama kwenye nakataa, nikaipiga picha fomu kabla ya kuipeleka, na ombi la usuluhishi limeingia leo. DerevaNjano, nikishapewa namba ya njia, basi huwa linaanza kupita baada ya siku ngapi? Kesho ni zamu ya mama mmoja jirani kunisaidia, na kesho kutwa sina mtu.