Wembamba umeninyima raha, dawa za kunenepa zimezidisha balaa. Naombeni ushauri

Mgeni wa Mbagala
Habari zenu wakuu. Nina miaka 27, kilo 51. Tangu shule naitwa njiti, nikazoea. Kilichonivunja ni msiba wa babu mwaka jana huko Korogwe. Shangazi alinivuta pembeni akaniuliza kwa sauti ya chini kama "nimeshaanza dawa". Nimepima mara mbili, sina virusi. Lakini tangu siku ile, kila anayenitazama naona anawaza hilohilo. Navaa fulana mbili ndani ya shati na bukta chini ya suruali, kwa joto hili la Dar. Mpira wa jioni nimeacha. Mchumba wangu namkwepa, asije akanishika bega akakuta mfupa.

Miezi minne iliyopita nilinunua vidonge sokoni, vimefungwa kwenye vipakiti visivyo na jina. Nameza viwili kila usiku. Mashavu yamejaa, miguu ni ileile. Sasa silali, saa tisa usiku moyo unadunda tu. Nagombana na kila mtu, na kuna siku naona bora nisingezaliwa. Nataka kuviacha leo, ila naogopa kukonda tena. Nifanyeje?

Kidume wa Kazi
Uji wa karanga asubuhi na jioni, mkuu. Achana na vidonge.

Mama Nesi
Mdogo wangu, usivikate ghafla! Vidonge vya hivyo mara nyingi huwa ni deksamethasoni, dawa ya kutuliza uvimbe inayoiga homoni ya mwili, pengine pamoja na siproheptadini, dawa ya mzio inayoleta hamu ya kula. Deksamethasoni hujaza uso na tumbo, huku ikila misuli ya mapaja na mikono. Kukosa usingizi, hasira na huzuni nzito ni madhara yake yanayojulikana, kwa hiyo sehemu ya hayo unayoyasikia kichwani huenda inatoka kwenye kipakiti. Ukiitumia miezi, tezi zilizo juu ya figo hulala, haziutengenezei mwili homoni yake. Ukikata siku moja, presha inaweza kushuka ukaanguka. Nenda hospitali na vipakiti vyenyewe, daktari akupunguzie taratibu. Mwombe apime pia sukari, presha, tezi ya shingoni na kifua kikuu, maana wembamba wako hakuna aliyewahi kuuchunguza. Wote wamekuwa wakiusema tu.

Baba Wawili
Mwanangu, ile ya "bora nisingezaliwa" nimeirudia mara tatu. Unalala peke yako? Usiku wa leo usikae peke yako, na wazo likikukaba nenda hospitali usikuusiku, usingoje miadi. Muhimbili wana idara ya afya ya akili, na huko si kwa waliookota makopo barabarani pekee. Mimi nilipopoteza nywele zote kwa ugonjwa nilijifungia ndani miezi sita, nikageuza kioo kikaangalia ukuta. Aliyenitoa ni daktari wa huko, pamoja na mke wangu ambaye nilikuwa namficha kichwa kwa kofia hata kitandani. Mchumba wako anajua lolote?

Mgeni wa Mbagala
Hapana, mzee, alikuwa hajui. Nimempigia sasa hivi, nimemwambia yote mpaka vidonge. Amelia, kisha akasema anakuja na kaka yake, nao watalala hapa. Kesho saa moja asubuhi tunakwenda hospitali. Vipakiti nimeviweka kwenye mfuko. Fulana mbili bado nitavaa.