Grupe (jenereta) ya lupitali inakunywa mazutu usiku kucha, tuanzie wapi?

Fundi_Katuba:
Jambo yenu bote. Niko kwa maintenansi ya lupitali moja hapa Lubumbashi, vitanda kama 200 hivi. Kuranti ikikatika tunawasha grupe ya 250 kVA, ni hiyo tu, ingine ya 60 kVA iko kule nyuma imejaa vumbi. Sasa mwezi wa kumi na hii joto ya mbele ya mvua, klima zote zinalia, mazutu inaisha mbio. Mkubwa anataka tununue panno za jua, anasema shida itaisha. Mimi roho inanikataa, juu usiku klima karibu zote zimezimwa, watu wamelala, na grupe bado inatoa moshi mweusi. Mnaona aje?

Yaya_Kampemba:
Kaka, 250 kVA ni kama kilowati 200. Usiku mnakula ngapi? Tafuta pensi ya ampere, ile ya kushika waya na kupima kuranti, pima waya zote tatu za kuranti saa nane ya usiku. Grupe ya dizeli ikikaa muda mrefu chini ya asilimia 30 ya nguvu yake haipati joto ya kutosha, mazutu haiungui yote, enjekteri zinachafuka, njo ile moshi. Panno tutaongea kiisha.

Fundi_Katuba:
Nimepima jana. Ampere 48, 45 na 51. Inafika kama kilowati 28. Na kitu ingine, pompa ya foraji (kisima yetu) inawaka kila dakika 20, saa hizo hakuna mtu anaoga!!

Yaya_Kampemba:
Unaona? Ni asilimia 14 tu ya ile 200. Ile ya 60 kVA inabeba bila shida, badilisha mafuta na filtre, ijaribuni kwanza mchana, ila bloku ya upasuaji na pompa zisistart pamoja. Pompa lakini si mambo ya grupe, maji inaenda mahali.

Mama_Kamalondo:
Inaenda kwa WC mwanangu. Nilikuwa ekonoma wa internat, fakture ya maji ilikuwa inatutoa jasho, tukachimba uwanja wote kutafuta tiyo yenye kupasuka, bure. Kiisha fundi mmoja mzee akanunua bleu ya kufulia, akatia kidogo mu tanki ya kila WC, tukangoja nusu saa bila kuvuta maji. Bleu ikishuka yenyewe mu bakuli, joint, ile mpira ya kuziba maji mu tanki, imekufa. Joint ni bei kidogo, tulijuta ile mashimo.

Kenya_Solaire:
Mi naona mkubwa wenu hajakosea sana. Panno ziweke kwa pompa, ivute maji mchana jua ikiwa kali, tanki ya juu ijae, usiku maji inashuka yenyewe. Tanki njo bateri yako, na hainunuliwi mara mbili.

Yaya_Kampemba:
Hapo sawa, ila atengeneze joint za WC kwanza, sivyo atanunua panno za kupandisha maji ya kumwaga.

Fundi_Katuba:
Aksanti mama. Leo nimetia bleu kwa materinite, WC 11, nne zimeshuka bluu. Moja hata kifuniko ya tanki haina, banasema tangu mwaka jana inalia ssss, walizoea.