Wanafunzi wanataka kuandika "Ndege aliyetoweka yuko hai". Niwaruhusu?

MwalimuKisauni:
Asalaam aleikum ndugu zangu. Mimi ni mlezi wa chama cha mazingira katika shule moja ya sekondari hapa Kisauni. Wanafunzi wametazama video za yule kigong'ota mkubwa wa Marekani mwenye mdomo wa rangi ya pembe za ndovu (kwa Kiingereza ivory-billed woodpecker), ambaye mara ya mwisho kuonekana pasipo ubishi ilikuwa 1944 kule Louisiana. Sasa wanataka kuandika kwenye gazeti la ukutani kwamba yuko hai. Nikiuliza picha iko wapi, wananiambia wataalamu wa Chuo Kikuu cha Cornell walitangaza 2005, tena katika jarida la Science. Nikikataa nachelea kuwavunja moyo, maana sijawahi kuwaona wakibishania ndege kwa hamu hii. Nikikubali, nitakuwa nimewafunza kuchapisha wasichoweza kukithibitisha. Nisaidieni.

Kiongozi wa Gede:
Waaleikum salaam mwalimu. Usikatae, lakini wasimulie kisa chote, kwa sababu wameishia nusu.

Tangazo la 2005 lilitegemea zaidi video fupi yenye ukungu iliyopigwa Arkansas mwaka uliotangulia. Ndege anaruka kutoka nyuma ya mti na kukimbia, basi. Ubishi wote uko kwenye bawa. Huyo wanayemtafuta ana weupe ukingo wa nyuma wa bawa. Lakini msitu huohuo una kigong'ota mwingine, mkubwa karibu sawa naye, mwenye kishungi chekundu vilevile, na huyo ni wa kawaida kabisa. Wake weupe uko chini ya bawa, upande wa mbele. Mwaka 2006 mtaalamu wa ndege David Sibley na wenzake walijibu katika jarida lilelile: kinachoonekana kwenye video ni upande wa chini wa bawa la yule wa kawaida. Baada ya hapo msitu ukachakurwa kwa miaka, kwa kamera na vinasa sauti, na hakuna picha moja safi iliyopatikana. Kumbuka ndege huyu alirekodiwa sauti na filamu mwaka 1935, kwa mitambo mizito ya zama zile!

Walioripoti msiwaite waongo. Mtu aliyeingia msituni na jina moja moyoni, ndege akimpitia kasi, jicho humalizia lenyewe. Mimi huwaona wageni wangu wakifanya hivyo.

Binti Likoni:
Lakini Kiongozi, huku kwetu je? Mnana wa Clarke anaishi Kilifi tu, na kiota chake hakikupatikana mpaka 2013, kwenye msitu wa Dakatcha. Miaka yote hiyo watu hawakukiona, na kilikuwepo.

Kiongozi wa Gede:
Hoja nzuri, dada. Ila mnana mwenyewe alikuwa akionekana na kupigwa picha msitu wa Arabuko-Sokoke wakati wote. Kilichokosekana ni mahali anapozalia. Na waliopita Dakatcha kutafuta walikuwa wachache. Kule Arkansas walikwenda wengi, na anayekosekana ni ndege mwenyewe.

Mzee wa Tudor:
Mwalimu, wasije nao wakaandika "imethibitishwa ametoweka". Serikali ya Marekani ilipendekeza hivyo 2021, lakini Oktoba 2023 ilipotangaza spishi 21 kuwa zimetoweka, huyu hakuwamo. Waandike kwamba ushahidi haujafika, na waeleze ni ushahidi gani ungetosha: picha inayoonyesha bawa wazi, kiota, au unyoya uliopimwa maabara.

Binti Likoni:
Hapo nakubali. Na uwatoe nje, mwalimu. Yupo kigong'ota mwenye jina la mji wetu, *Campethera mombassica*, na anafanana mno na jamaa yake mwenye mkia wa dhahabu. Kila mtoto achore alichokiona na kuandika alama zake kabla ya kufungua kitabu cha ndege. Kisha walinganishe michoro. Watajionea jinsi watu waliosimama pamoja wanavyotofautiana kuhusu ndege mmoja.

MwalimuKisauni:
Shukran sana. Bango litabaki, kichwa nitawaambia kiwe "Ushahidi gani ungetosha?", na bawa wachore pande zote mbili. Kiongozi, nikiwaleta Arabuko, tufike saa ngapi?

Kiongozi wa Gede:
Saa kumi na mbili na nusu asubuhi muwe getini. Jua likipanda ndege hunyamaza. Waje na penseli, kalamu za wino huvuja.