Slamu zinanikimbia: ree zipo, pointi zipo, bado tunakaa chini

mcheza_wa_jumanne
Wakuu habari za saa hizi. Naomba msaada maana jana klabuni nimeaibika mara mbili na patna wangu mpaka sasa hajibu meseji. Tunacheza briji ile ya kulinganisha, karata zilezile zinazunguka meza zote alafu mwisho matokeo yanawekwa pamoja, kwa hiyo ukiharibu unajulikana.

Bodi ya kwanza, yaani mgao wa kwanza, tuko vali, ile hali ambayo bonasi na adhabu zinakuwa kubwa zaidi. Mimi nina shupaza AKQ84, kopa KQJ7, uru 85, pau A4. Nikafungua mnada kwa 1 shupaza, patna akaruka 3 shupaza, kwetu hiyo ni shupaza nne na pointi 10 mpaka 12 za karata kubwa. Mimi nina 19 nikaona hapa slamu ipo, yaani kuahidi triki (mizunguko ya kula) 12 kati ya 13, nikapiga Blackwood, 4 notrampu (bila turufu), ile ya kuhesabu ree nne pamoja na kingi ya turufu. Akajibu 5 pau, yaani anayo moja au nne. Tatu ninazo mimi, yake moja, inakosekana moja tu, nikaweka 6 shupaza bila kupepesa macho. Jamaa wa kushoto akatoa ree ya uru, dami, yaani karata za patna zinazowekwa wazi mezani, ikashuka na uru Q62, akafuatisha kingi ya uru, kwisha habari. Zilizobaki 11 zote nikazila mimi lakini nani anajali. Meza zingine wamekaa 4 shupaza, triki 11, wameandikiwa 650 na sisi tumetoa 100.

Ya pili ni 6 kopa. Mkononi shupaza A6, kopa AKQJ95, uru AQ3, pau 72. Dami ina shupaza K7, kopa 1084, uru 642, pau AK653. Wameanza na kwini ya shupaza, nikala na kingi ya dami ili nipige uru kuelekea kwini yangu, finesi, yaani kubahatisha kuwa kingi yuko kulia, ikakataa, alikuwa kushoto. Akarudisha shupaza, nikala, nikavuta turufu zote, nikaingia kwenye pau, AK na ya tatu nikakata, zikawa zimegawanyika 4-2, imebaki moja kwa mtu na mimi sina njia tena ya kurudi dami. Chini moja, yaani triki moja pungufu ya ahadi. Hii nayo ni kosa langu au ni bahati mbaya tu?

ReeYaPau
Ya kwanza pole, ya pili hapana sikupi pole 😂

dada_notrampu
Mkuu tuanze na hiyo bodi ya kwanza maana ndo ugonjwa wa watu wengi. Blackwood haijibu swali ulilokuwa nalo. Wewe ulikuwa na uru mbili mbovu, swali lako lilikuwa "je watu hawa wanaweza kula uru mbili kabla sijaanza?" na Blackwood inakuambia ziko ree ngapi, haikuambii kama kuna breki kwenye uru, yaani karata ya kuwazuia. Ukiwa na karata mbili ndogo kwenye rangi ambayo hamjaitaja usipige 4 notrampu, na ukiwa huna hata moja kwenye rangi fulani usipige pia, kwa sababu patna akikuambia ana ree moja hujui kama ni ya pale unapoihitaji au ni ya rangi ambayo ungekata tu kwa turufu.

Baada ya 3 shupaza ungesema 4 pau. Hapo hutaki kucheza pau, turufu mshakubaliana, unamwambia patna pau nimeshika. Yeye kama ana ree au kingi ya uru, au ana uru moja tu, anasema 4 uru. Hana, kwa hiyo anaipita anasema 4 kopa kuonyesha ree ya kopa. Ile kuruka uru ndo jibu lako. Unaweka 4 shupaza mnachukua 650 kama wenzenu.

kidume_cha_kopa
Mi nitapinga kidogo. Pointi zenu jumla zilikuwa 29, tunafundishwa slamu ndogo inataka kama 33. Jamaa alikuwa na tamaa tu.

dada_notrampu
@kidume_cha_kopa hiyo 33 ni ya notrampu mikono yote ikiwa imelala flati, yaani rangi zimegawanyika karibu sawa. Mkiwa na turufu tisa na mmoja wenu ana uru moja badala ya mbili, slamu inapatikana na 27. Na bonasi ya slamu ndogo mkiwa vali ni 750, hiyo huwezi kuiachia kila siku kisa unahesabu pointi kama karani.

Mzee wa Albastini
Vijana hamjambo. Sisi tulijifunzia karata barazani kwenye albastini, kule kingi anaitwa mzungu wa nne kwa sababu anahesabiwa nne, nilipoingia briji nikaambiwa ana tatu tu nikakasirika mwezi mzima. Tuyaache.

Hiyo 6 kopa, mwanangu, uliiuza kwenye triki ya kwanza kabisa. Hesabu: kopa 6, shupaza 2, ree ya uru, pau 2, jumla 11. Unatafuta moja. Finesi ni nusu kwa nusu. Pau zao sita zikigawanyika 3-3 au 4-2, ambayo kwa pamoja ni kama asilimia 84, pau ya tano inasimama. Ila ili uifikie unahitaji milango ya kuingilia dami, na wewe kingi ya shupaza ukaichoma mwanzoni.

Kula shupaza kwa ree mkononi. Piga ree ya kopa mara moja. Pau A, pau K, ya tatu kata kwa jeki. Kama ni 4-2 peleka 9 ya kopa kwenye 10 ya dami, pau ya nne kata kwa kwini, maliza turufu kwa kingi. Sasa ingia dami kwa kingi ya shupaza, cheza ile 6 ya pau, tupa uru 3. Triki 12 umeshazifunga, na hapo ndo unajaribu finesi ya uru kwa raha zako kutafuta ya 13, ikikataa hupotezi kitu.

mcheza_wa_jumanne
Mzee shikamoo. Nimezipanga mezani hapa nyumbani kama ulivyosema, imetoka kweli, mpaka mke wangu kauliza nacheza na nani. Dada asante pia, patna nimemtumia screenshot ya jibu lako. Kajibu neno moja: "Unaona?"

ReeYaPau
Angalau kajibu 😂