Mchoro wa kanga: kujifunza kwa wa kale na kunakili

Mchoraji wa Tanga
Shikamooni wakubwa zangu. Nimechora kanga ambayo pindo lake limetokana na kisutu cha bibi yangu, na katikati ya mji, yaani sehemu ya ndani inayozungukwa na pindo, nimeweka korosho nne zinazotazamana. Mfanyabiashara niliyempelekea aliitazama kidogo, akaikunja, akasema nimenakili. Je, mchoraji akichukua kitu cha zamani, ni lini kinakuwa chake?

Fundi mstaafu, Mombasa
Marahaba, mwanangu. Kanga yenyewe ni kazi ya kuunganisha. Husimuliwa kwamba katika karne ya 19 wanawake wa pwani walinunua leso, neno tulilolipata kwa Wareno, zikiwa bado jora zima, wakazikata sita sita na kuzishona safu mbili za tatu tatu, ndipo ikapatikana nguo ya kujitanda. Majina, yaani misemo ya kanga, nayo yaliandikwa kwanza kwa hati ya Kiarabu, kisha kwa herufi za Kirumi. Hiyo korosho ni ua la nguo za Uajemi na India, ambalo Waingereza waliliita Paisley kwa sababu mji huo wa Uskoti ulilifuma sana. Sisi tuliliona limepinda kama korosho, basi likawa korosho. Anayedai kwamba umemwibia mtu, muulize ni nani huyo.

Mama Doti, Dar es Salaam
Historia naikubali, mzee wangu, lakini tusiitumie kuwafunika wezi. Niliwahi kukuta mchoro wangu ukiuzwa dukani, umebadilishwa rangi na jina tu. Niliutambua kwa kosa langu mwenyewe: kwenye kona moja mstari mwembamba haukukutana na mwenzake, na kosa hilo lilikuwapo vilevile. Aliyejifunza kwangu angeliona akalirekebisha. Kwa hiyo wewe, kijana, utueleze umebadilisha nini, na kwa nini. Tena kisutu ni nyekundu, nyeusi na nyeupe, na ni nguo ya bibi harusi. Ukiitia rangi ya samawati, mvaaji atataka kujua ni ya shughuli gani.

Mchoraji wa Tanga
Nashukuru, mama, umenigusa penye kidonda. Korosho nilizichora kwa mkono wangu. Pindo, nakiri, nililiwekea karatasi juu nikalifuatisha kwa penseli. Jana nilimwomba bibi ajifunge kile kisutu, nikaona kwamba karibu na miguu linaloonekana ni pindo, wakati sehemu kubwa ya mji imemezwa na mikunjo. Nalichora upya, pana zaidi, ila kona zinanishinda: mistari haikutani.

Fundi mstaafu, Mombasa
Bila shaka unaanzia katikati ya upande. Chora kona kwanza, zote nne, kisha upime nafasi iliyobaki kati yake na uigawe sawasawa kwa idadi ya maua. Ukikuta nafasi haitoshi, punguza ukubwa wa ua, usilikate.