Kazi ya kuwasaidia wanaastronomia wa darubini za redio: mtu aliyeko Mwanza aanzie wapi?

Fundi_Mwaloni ameuliza:

Wakuu, habari za kazi. Nilisoma fizikia chuoni, lakini kwa miaka sita sasa riziki yangu inatokana na kutengeneza redio za mawasiliano za boti hapa Kirumba, kwa hiyo antena, nyaya na kelele za masafa ni vitu ninavyoshughulika navyo kila siku. Nimesoma kwamba vituo vyenye safu kubwa za darubini za redio, kama MeerKAT iliyoko Karoo nchini Afrika Kusini, vina watu ambao kazi yao ni kuwasaidia wanaastronomia kutoka nje ya kituo, tangu kupanga uangalizi mpaka kupata picha. Je, kazi hiyo hasa ni ipi, na mtu wa aina yangu anaweza kujifunza nini akiwa hapa hapa Mwanza?

Nimeanza kujaribu. Nimepakua CASA, programu ya bure ya kuchakata data za darubini hizo, pamoja na data za mafunzo zilizokusanywa na VLA, safu iliyoko New Mexico nchini Marekani. Data hizo ni za 3C391, mabaki ya nyota iliyolipuka. Picha yangu imetoka na chengachenga nyingi na mistari inayoikata yote kwa mwelekeo mmoja. Mtu wa dawati la msaada angeanza kuniuliza nini?

Malimbe_Fizikia amejibu:

Ndugu yangu, niliwahi kukaa kwenye dawati la namna hiyo ng'ambo kabla ya kurudi kufundisha, na ninakuhakikishia kwamba sehemu kubwa ya kazi hufanyika kabla antena hazijageuzwa kuelekea popote. VLA ina antena 27, kila moja ikiwa na kipenyo cha mita 25, na antena hizo huhamishwa juu ya reli ili safu ipanuke au ikusanyike. Katika mpangilio wa D antena mbili zilizo mbali zaidi huachana kwa takribani kilomita 1, na katika mpangilio wa A huachana kwa kilomita 36. Mwanaastronomia mgeni karibu kila mara huomba A, kwa sababu amesikia kwamba ndiyo inayoona kwa undani zaidi. Ukimuuliza anatafuta nini angani, akakujibu kwamba ni wingu pana la gesi, unapaswa kumwambia kwa heshima kwamba katika A wingu lake litatoweka. Safu huunganisha mawimbi ya antena mbili mbili, na jozi za antena zilizo mbali ni kama nyavu zenye macho madogo: hunasa vitu vidogo.

Baada ya hapo mnapanga ratiba pamoja. Lazima kiwepo chanzo cha kulinganishia ambacho nguvu yake inajulikana, kama 3C286, na kingine kilicho karibu na shabaha yenu, ambacho antena hukirudia kila baada ya dakika chache. Sababu ya kurudia huko tunaijua vizuri sisi tunaokaa kando ya ziwa: mvuke wa maji hewani haukai mahali pamoja, na mawimbi ya redio yanapopita ndani yake huchelewa kwa viwango tofauti juu ya kila antena. Wageni wengi hutaka kupunguza marudio hayo ili wapate muda zaidi wa shabaha, nao hujuta.

Sasa picha yako. Swali la kwanza: umesoma daftari la waendeshaji la siku ya uangalizi? Swali la pili: ukichora data za chanzo cha kulinganishia, nazo zina kasoro? Chanzo hicho ni nukta moja yenye kung'aa, kwa hiyo data zake hutakiwa kutulia, na kasoro ikijitokeza hapo haitokani na shabaha. Antena 27 hufanya jozi 351, na zile 64 za MeerKAT hufanya jozi 2016. Kuzikagua moja moja bila dokezo ni kujitesa bure.

Igombe_Dagaa amejibu:

Mwalimu, samahani, nimekulia kwenye mitumbwi na mfano wako wa nyavu umenikwaza. Wavu wa dagaa hunasa pia sangara wachanga na chochote kikubwa kuliko macho yake. Ndiyo maana maofisa wa uvuvi hawaishi kutukagua. Safu iliyotawanyika hufanya kinyume, kwa kuwa hunasa kidogo na kuachia kikubwa. Mtu akiuamini mfano huo ataomba A akidhani atapata vyote viwili.

Fundi, kwenye swali lako la kujifunza, Tanzania haimo kati ya nchi nane za Afrika zinazoshirikiana na Afrika Kusini katika SKA, mradi wa kujenga safu kubwa mpya ya darubini za redio, ingawa majirani zetu Kenya, Zambia na Msumbiji wamo. Hilo lisikuvunje moyo. Data za VLA kwa kawaida hufunguliwa kwa umma baada ya miezi 12, na mtu yeyote anaweza kuziomba. Ila usikurupuke kuzipakua zote, maana bando lako litaisha kabla ya faili la kwanza. Tafuta zilizokwisha kupunguzwa, kama hizo za mafunzo.

Malimbe_Fizikia amejibu:

Nimekubali, mama. Mfano huo ninaufuta hata darasani.

Fundi_Mwaloni amejibu:

Ninawashukuru wote wawili. Nimerudi kwenye maelezo ya waendeshaji, ambayo nilikuwa nimeyaruka nikidhani ni utangulizi tu. Yanasema wazi kwamba antena ea13 haikuwa na kipokezi cha masafa yale, na ea15 ilikuwa na data zilizoharibika. Nimeziondoa zote mbili, nikafanya ulinganishaji upya, na chenga zimepungua sana. Ni aibu kidogo, kwa sababu hata hapa Kirumba sifungui redio ya mtu kabla ya kumuuliza nahodha ilianza kusumbua lini. Hata hivyo imebaki mistari mipana, hafifu, na nafasi kati ya mstari na mstari ni kama dakika 4 za pembe (dakika 60 za pembe ni digrii moja).

Malimbe_Fizikia amejibu:

Kupima nafasi hiyo ndiko kulikokuwa kunahitajika. Mistari ya namna hiyo hutoka kwenye jozi moja au chache zenye data mbovu, na kadiri antena zinavyokaribiana ndivyo mistari inavyokuwa mipana. Masafa yako ni kama gigahezi 4.6, yaani urefu wa wimbi ni sentimita 6.5. Dakika 4 za pembe ni radiani 0.00116 hivi. Gawanya cha kwanza kwa cha pili, utapata takribani mita 56, ambao ndio umbali kati ya antena za jozi hiyo mbovu. Kwa hiyo achana na jozi za mbali. Chora zile zenye umbali usiozidi mita 70, ambazo ni chache.

Kumbuka pia kwamba data hizi ni za mpangilio wa D, na antena zenye upana wa mita 25 zikisimama karibu hivyo, moja huweza kuikinga nyingine shabaha inapokuwa chini karibu na upeo wa macho. Amri ya flagdata, ambayo ndani ya CASA huweka alama kwenye data mbovu ili zisitumike, ina namna ya kutafuta vivuli hivyo yenyewe. Iendeshe kwanza, kisha utuletee picha ya kabla na ya baada.