Mama mkwe ana miaka 68, mume wangu ana ulemavu: nani anastahili Medicare, na lini?

MkazaMwana aliuliza:

Shikamooni wakubwa, na wenzangu nawasalimu. Naomba mnisaidie kuielewa Medicare, bima ya afya ya serikali ya Marekani kwa wazee na wenye ulemavu, kwa ajili ya watu wawili ninaoishi nao hapa Marekani.

Wa kwanza ni mama mkwe, mwenye umri wa miaka 68. Alikuja kwa ukaazi wa kudumu, sasa anakaribia kutimiza mwaka wa nne, na hajawahi kuajiriwa hapa. Kila ninayemwuliza ananijibu kwamba mtu akishafika miaka 65 bima ya serikali ni haki yake, lakini tulipopeleka maombi yalikataliwa.

Wa pili ni mume wangu, mwenye miaka 46, ambaye kiharusi kilimpooza upande wa kulia na sasa analipwa mafao ya ulemavu na Social Security, hifadhi ya jamii ya serikali. Ametumiwa bahasha yenye kadi ya rangi nyekundu, nyeupe na buluu, iliyoandikwa kwamba Sehemu A na Sehemu B za Medicare zitaanza kwa tarehe ileile. Yumo pia kwenye bima ya kazini kwangu. Afisa utumishi wetu anasema Sehemu B ni kupoteza fedha, tuikatae. Rafiki wa familia anasema tukiikataa tutatozwa adhabu maisha yote. Nimfuate nani?

Karani Mstaafu alijibu:

Marahaba, binti yangu. Nianze na mama, kwa sababu hapo ndipo wengi wetu tunapopotoshwa.

Umri peke yake hautoshi. Sehemu A, inayolipia kulazwa hospitalini, inagharamiwa na kodi inayokatwa kwenye mishahara: mfanyakazi hukatwa asilimia 1.45 na mwajiri huongeza kiasi hicho hicho. Ndiyo maana anayeipata bila kulipia kila mwezi ni yule aliyefanya kazi na kulipa kodi hiyo kwa robo mwaka 40, yaani takriban miaka 10, au ambaye mwenzi wake wa ndoa alifanya hivyo. Kazi ya mtoto haihesabiki kwa mzazi, hata kama mtoto ndiye aliyemleta na ndiye anayemlisha. Asiye na historia hiyo anaruhusiwa kununua bima hii, lakini akiwa mkaazi wa kudumu ni lazima kwanza awe ameishi Marekani miaka 5 mfululizo. Mama yetu hajaifikisha, na kwa maelezo yako hiyo ndiyo sababu iliyo wazi ya maombi kukataliwa. Soma barua ya kukataliwa uone kama inataja ukaazi.

Atakapotimiza miaka hiyo, dirisha lake la kujiandikisha litakuwa la miezi 7: mitatu kabla ya mwezi anaostahili, mwezi wenyewe, na mitatu baada yake. Gharama si ndogo. Mwaka 2025 mtu mwenye robo mwaka chini ya 30 alilipa dola 518 kwa mwezi kwa Sehemu A, na Sehemu B, ya madaktari na vipimo vya nje ya wodi, ilikuwa dola 185 kwa wengi. Anaweza kuchukua B bila A, ila hawezi kununua A bila B. Kwa sasa mpelekeni kwenye soko la bima lililoanzishwa na sheria ya mwaka 2010: mkaazi halali anaruhusiwa kununua huko, na kampuni haiwezi kumkataa kwa sababu ya uzee au maradhi. Msikae mwaka mzima bila chochote mkisubiri Medicare.

Sasa mume wako. Bima hii ilianza kwa ajili ya wazee, kwa sheria aliyoitia saini Rais Lyndon B. Johnson mwaka 1965. Wenye ulemavu waliongezwa kwa sheria ya mwaka 1972, lakini kwa masharti ya kusubiri. Mtu hupata kadi baada ya kustahili mafao ya ulemavu kwa miezi 24, na mafao yenyewe huanza baada ya miezi 5 kamili ya ulemavu. Kwa maoni yangu kumwacha mgonjwa asubiri zaidi ya miaka miwili ni ukatili, na ni wachache tu wanaopunguziwa muda huo, wakiwemo wenye ALS, ugonjwa wa neva unaodhoofisha misuli, na wale ambao figo zao zimeshindwa kazi kabisa.

Kuhusu kadi, afisa utumishi na rafiki yenu kila mmoja ana nusu ya ukweli. Swali linaloamua ni moja: mwajiri wako ana wafanyakazi wangapi? Kwa mwenye ulemavu aliye chini ya miaka 65, kama mwajiri ana wafanyakazi 100 au zaidi, bima ya kazini hulipa kwanza na Medicare hufuata. Hapo mume wako anaweza kuiahirisha Sehemu B bila adhabu, mradi wewe bado uko kazini na bima hiyo ni hai. Wakiwa chini ya 100, Medicare ndiyo inayotangulia, na asiyekuwa na Sehemu B anaweza kuambiwa na bima ya kazini kwamba haitalipa fungu ambalo Medicare ingelipa. Sehemu A asiikatae kabisa, kwa sababu haimgharimu malipo ya mwezi. Kama ataikataa B, afuate maelekezo yaliyomo kwenye bahasha kabla ya tarehe ya kuanza. Kunyamaza ni kukubali, na malipo yataanza kukatwa kwenye mafao yake.

Adhabu ipo kweli: asilimia 10 ya malipo ya Sehemu B kwa kila miezi 12 kamili ya kuchelewa bila sababu inayokubalika. Kwa mwenye ulemavu hufutwa afikapo miaka 65, kwa hiyo kwake si ya maisha yote, lakini miaka 19 ni mingi.

Mwangalizi wa Baba alijibu:

Dada, pole kwa mzigo. Mzee amekueleza vizuri. Mimi naongeza jambo moja ambalo halimo kwenye kadi.

Baba yangu alikaa hospitalini usiku nne, akavaa nguo za wodi, akalishwa na kupewa dawa kwa mpira wa mshipani. Tulipompeleka kwenye kituo cha uuguzi kwa mazoezi ya viungo, Medicare ilikataa kulipa, kwa sababu usiku mbili za kwanza aliandikwa kuwa yuko "chini ya uangalizi" na si "amelazwa". Medicare ya kawaida hulipia kituo hicho mpaka siku 100, siku 20 za kwanza kikamilifu na zinazobaki kwa mgonjwa kuchangia, lakini kwanza mgonjwa awe amelazwa rasmi siku 3 mfululizo, bila kuhesabu siku ya kutoka. Akiwa chini ya uangalizi kwa zaidi ya saa 24, hospitali inatakiwa kumpa notisi ya maandishi. Sisi tulipewa karatasi hiyo katikati ya nyingine nyingi, tukatia saini. Kwa hiyo kila asubuhi muulize daktari: mgonjwa amelazwa rasmi, au yuko chini ya uangalizi? Mwombe daktari wenu wa kawaida naye azungumze na wenzake wa hospitali, kwa maana hali hiyo hubadilishwa mgonjwa akiwa bado kitandani, na akishatoka ni vita ya barua.

Jambo dogo: mtatumiwa taarifa yenye orodha ya matibabu na viwango, imeandikwa kwamba si bili. Msilipe kwa kuifuata. Ilinganisheni na bili ya hospitali ikifika.

Asha wa Kliniki alijibu:

Wifi, usichanganye Medicare na Medicaid. Medicaid ni ya wenye kipato kidogo na kila jimbo lina masharti yake. Mume wako anaweza kuwa na zote mbili mkiwa na kipato cha chini, na hata kikizidi kidogo kuna mipango ya jimbo inayomlipia mtu Sehemu B. Ulizeni, kwa sababu hakuna atakayewaletea fomu mlangoni.

Sehemu B hulipa asilimia 80 ya gharama zilizokubaliwa, baada ya mgonjwa kujilipia kiasi cha mwanzo cha mwaka, ambacho mwaka 2025 kilikuwa dola 257. Asilimia 20 inayobaki haina kikomo, na hapo ndipo watu hununua bima ya nyongeza, Medigap. Mume wako akifika miaka 65 na akiwa na Sehemu B, atakuwa na miezi 6 ambayo kampuni haiwezi kumkataa. Kabla ya hapo, sheria ya shirikisho hailazimishi kampuni kumuuzia, ingawa majimbo mengi yanalazimisha. Mawakala watakuja na Medicare Advantage, mpango wa kampuni binafsi unaochukua nafasi ya Medicare ya kawaida, yenye meno na miwani na malipo kidogo. Sisemi ni mbaya, ina kikomo cha gharama za mwaka, lakini mwenye kiharusi anayehitaji mazoezi ya viungo miezi mingi aangalie kwanza kama wataalamu wake wamo kwenye orodha ya mpango huo na mara ngapi ataombewa kibali cha kampuni kabla ya matibabu.

MkazaMwana aliandika:

Nashukuru sana, nyote. Nimeuliza: tuko zaidi ya 300 kazini. Je, nikiacha kazi, naweza kuendelea kujilipia bima ya kazini kwa sheria ya COBRA na mume wangu akabaki bila Sehemu B?

Karani Mstaafu alijibu:

Hapana, binti yangu. COBRA haihesabiwi kuwa bima ya mtu aliye kazini. Ajira yako au bima yenyewe ikikoma, lolote litakalotangulia, ana miezi 8 ya kuomba Sehemu B bila adhabu, na COBRA haisimamishi hesabu hiyo. Tena ukiwa kwenye COBRA, Medicare ndiyo inayotangulia kulipa, kwa hiyo aombe mwezi ule ule unaoacha kazi. Mwajiri ajaze fomu ya kuthibitisha kwamba mume wako alikuwa na bima kupitia ajira yako. Ichukue kabla hujaondoka. Bima ya dawa ina hesabu yake fupi zaidi: asikae siku 63 mfululizo bila bima ya dawa inayokubalika, au atatozwa adhabu yake. Mkikwama, kila jimbo lina washauri wa SHIP, mpango wa ushauri wa bima ya afya kwa wenye Medicare, ambao hawatozi chochote na hawauzi bima yoyote.